Mstari wa Mama Panga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Panga anaanza kupanda mlima bila panga. Mkono wake wa kulia, uliozoea mpini kwa miaka thelathini na moja, haujui ukae wapi. Anautia mfukoni, anautoa, mwishowe anaupa kazi ya kuushikilia mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba yai.

Mkono huo wa kushoto umefungwa saa nyeusi, nene kama kipande cha sabuni. Saa hiyo inaandika kila hatua anayopiga, na leo amekatazwa kuchepuka hata hatua moja.

"Na chafya ikinijia?" anauliza.

"Piga, shemeji, lakini piga ukiangalia mbele," anajibu mdogo wa mumewe, mwenye duka la kukodisha vifaa vya wapanda mlima, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji.

Mama Panga ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kufyeka njia. Njia yenyewe ni kilomita kumi na nne, na mvua ikianza majani huifukia yote. Kwa maelezo yake, ukiinama kufunga kamba za kiatu, ukiinuka unakuta majani yameshafika kiunoni. Anasema hivyo bila kucheka. Goti lake la kushoto hujaa maji, na daktari amemwagiza apumzike.

"Nikamwambia sawa, daktari, lakini yaandikie na majani barua."

Wapanda mlima wa siku hizi huja na saa zinazosikiliza setilaiti. Mwenye duka alipomweleza kuwa setilaiti hizo zinaelea kilomita elfu ishirini juu ya kichwa chake, Mama Panga alitazama juu kwa muda mrefu. "Kitu kiko mbali namna hiyo," alisema, "na kinajua niko upande gani wa kichaka."

Mwenye duka huwauliza wateja wanataka saa ya namna gani. Mmoja anataka betri ikae siku tatu. Mwingine anataka vitufe vinavyobonyezeka ukiwa umevaa glovu. Wapo wanaotaka kioo kisomeke juani, na ramani isiyodai mtandao mahali ambapo hata redio inakoroma tu.

"Hao wanazunguka," anasema Mama Panga. "Wanachotaka ni mtu wa kuwaambia hawajapotea."

Mwaka jana udongo uliporomoka, ukalichukua bega zima la mlima. Njia ya zamani ikabaki imekatika hewani. Mama Panga alifyeka njia mpya ya mita mia sita, peke yake, kwa wiki saba. Lakini saa za dukani bado zilikuwa na mstari wa zamani, unaopita pale ambapo mlima haupo tena. Ndipo shemeji yake akamfunga saa mkononi, akamwambia atembee njia yote, kisha akauingiza mstari wake kwenye saa zote ishirini na sita za dukani.

Wiki iliyopita, akiwa kazini, alikuta watu wanane wamejazana nyuma ya kichaka.

"Habari zenu. Mnatafuta nini huku?"

"Tunafuata njia, mama," alijibu kiongozi wao, akimwonyesha mkono. "Saa inasema tukate kushoto, hatua kumi na tano, halafu turudi tulikotoka. Tunajaribu kuelewa kuna nini cha kuona."

Mama Panga alijua kilikuwapo nini. Siku aliyotembea na saa, alikuwa amekunywa chai vikombe vitatu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Kama walimfuata mpaka pale, wangemfuata popote. Na siku ileile ya kutembea na saa, alipofika kwenye maporomoko ya udongo, aliiacha njia kidogo, akasogea ukingoni kuchungulia kina, akarudi. Saa ilikuwa imeandika na hilo.

"Kuna wenzenu mbele?"

"Wawili. Mtu na mkewe. Wametutangulia kama nusu saa."

Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa huko juu ambao ukinyoosha mkono unauaga kabisa. Mama Panga alipanda kwa njia za mkato anazozijua yeye na mbuzi. Kijijini wanasema siku hiyo goti lilisahau kuuma. "Liliuma vizuri sana," anasema. "Sikuwa na nafasi ya kulisikiliza."

Aliwawahi. Alisimama ukingoni, korongo likiwa mgongoni, akagonga panga kwenye jiwe bila kukoma. Wawili hao wakachomoza kwenye ukungu, vichwa vimeinamia mkono mmoja.

"Samahani, mama, umesimama njiani," alisema mume. "Bado hatua tano mbele."

"Nyuma yangu hakuna hatua, mwanangu. Kuna hewa."

Mke aliokota jiwe, akalirusha kupita bega la Mama Panga. Wakatega masikio wote watatu. Halikusikika likitua. Mke akakaa chini palepale na kumshika mumewe mguu wa suruali.

Njia ikafungwa siku hiyo. Mwenye duka alitaka kuzifuta kona mbili hizo kwenye kompyuta. Alizifuta, akaunganisha pengo, na mstari mpya ukakatiza juu ya korongo.

"Wewe umechora njia ya ndege," Mama Panga alimwambia. "Nitatembea upya."

Ndiyo maana leo hana panga. Angekuwa nalo, angeona tawi, angechepuka. Anakipita kichaka bila kukitupia jicho. Kwenye maporomoko anabana upande wa ndani, bega linagusa mwamba. Anafika kibandani, mwisho wa njia, saa saba kasoro dakika kumi, na kubonyeza kitufe cha kufunga.

Jioni, dukani, shemeji yake anaukagua mstari kwenye kompyuta kwa ncha ya kalamu. Umetulia. Kisha kalamu inasimama kwenye fundo dogo, kilomita ya kumi na moja.

"Hapa ulisimama dakika kumi na moja. Goti?"

"Goti halikuwepo," anasema Mama Panga. "Pale pana mwamba mpana, salama. Mawingu yalikuwa chini yangu, shemeji. Chini. Mabonde yote mawili yanaonekana, na mto mwembamba kama uzi. Miaka thelathini na moja napita hapo nikitazama miguu na majani. Sikujua mlima una uso."

"Nilifute?"

"Liache. Wakifika hapo saa itawasimamisha. Watajiuliza kuna nini, watainua kichwa."

Mpango wake ni kutembea hivyohivyo upande wa mashariki, kilomita tisa, kabla mvua hazijaanza na goti halijamsusa. Lakini kwanza mstari huu lazima ujaribiwe na mtu asiyeijua njia, ndipo ifunguliwe.

"Nani huyo?" anauliza mwenye duka.

"Umekodisha saa miaka kumi, na hata kilomita ya pili hujaifika. Kesho funga duka."

Mwenye duka anamtazama kuona kama anatania. Anachukua saa moja kati ya zile ishirini na sita, anajaribisha mkanda wake mkononi, tundu la kwanza, la pili.

"Basi nikifika kwenye huo mwamba nikukute."

"Utanikuta," anasema Mama Panga. "Ila usije ukanitazama mimi."