Nilivyowachagulia Wakimbiaji Malazi Bura

Mvua za El Niño zilipoisha na kutuachia barabara, vijana wangu wanne wa Garsen walialikwa kukimbia marathoni Bura. Mimi, mwalimu wao na bingwa wa kila kitu, nikajitwika kazi ya kuwatafutia pa kulala.

Tulifika Ijumaa mchana. Lojing'i ya kwanza niliikataa kwa kunguni. Ya pili ilipakana na soko la mifugo, na mkimbiaji wangu hawezi kulala akibembelezwa na ng'ombe. Ya tatu, ya Mama Halima, ilikuwa na vyandarua na maji baridi. Nikadai chumba kinachotazama barabara, ili vijana waizoee njia ya mbio.

"Mbio gani, Mwalimu?" akauliza Mama Halima. "Hapa kesho kuna mnada wa mbuzi tu."

Nikamhurumia, mama wa watu asiyepata habari. Nikampa barua ya mwaliko ajisomee. Akaisoma taratibu mpaka chini, mahali ambapo mimi sikuwahi kufika.

"Mwalimu, hii ni Bura nyingine, ya Taita. Kule mbali, karibu na Voi."

Vijana, raba zikiwa tayari miguuni, wakanitazama. Mmoja akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, tuanze kukimbia sasa hivi ndio tuwahi?"