Kibaraza Kilicholalia Ndani

Nakumbuka siku moja kule Tumati, mwanangu, na wewe leo umenikumbusha kwa nguvu. Umekuja na simu yako, umenionyesha picha za nyumba ya yule nesi wa Endagikot uliyoikagua jana. Plasta ina mawimbi, mlango unakwaruza sakafu, dirisha limekaa upande. Nikakuuliza, sasa mbona umeipitisha? Ukanijibu, "Mzee, imekidhi vigezo." Jamani! Maneno hayohayo niliyasema mimi nikiwa na umri wako. Hebu weka simu chini unisikilize.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nakagua nyumba za mradi mmoja wa kijiji. Nyumba ya siku ile ilikuwa ya Mama Theresia, mjane mwenye goti bovu, aliyekaa miaka mingi kwenye kibanda kinachovuja. Fundi alishafunga vifaa vyake, na gari la kumpeleka Hanang kwenye kazi nyingine lilikuwa barabarani. Alikuwa anangoja saini yangu tu. Nikisaini anaondoka, nisiposaini anabaki kurekebisha.

Nikapima. Unene wa sakafu, sawa. Upana wa mlango, sawa. Linta juu ya mlango ipo, nondo zipo. Kila mstari wa fomu nikatia tiki. Kibaraza cha mbele kilikuwa kimekaa vibaya, na sitakudanganya, niliona. Lakini fomu haikuuliza kibaraza kimelalia wapi. Pima maji, ile ya kuonyesha kama kitu kimelala sawa, ilikuwa ndani ya begi langu, na hata zipu sikuifungua. Uvivu mtupu, basi!

Majirani walikuwa wamejaa uani, chakula kiko motoni. Mzee Bura, jirani wa mama, ndiye aliyeombwa kusema slufay, ile dua ndefu ya wazee wetu ambayo watu wote huiitikia. Akasimama kibarazani na kibuyu chake, akamimina pombe kidogo mbele ya mlango. Pombe ikageuka, ikapita kizingiti, ikatambaa mpaka katikati ya sebule. Watu wakaitazama, na mzee akaacha dua yake njiani.

"Kijana," akaniambia, "karatasi yako inasemaje kuhusu hii?"

"Mzee, hicho hakimo kwenye fomu."

"Kwenye fomu hakimo. Ndani ya nyumba kimo."

Watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira. Nikamuuliza, mbele ya watu wote, "Kwani wewe mzee ujenzi umesomea wapi?" Lo, mwanangu! Mtu niliyetoka kumwamkia shikamoo muda mfupi tu kabla! Hata leo nikikumbuka, uso unaniwaka moto.

Hakunifokea. Alisema, "Sijasoma. Nimeangalia tu pombe inaelekea wapi." Kisha akamgeukia Mama Theresia. "Wewe nitakubariki. Nyumba sitaibariki mpaka imalizwe."

Mifuko mitatu ya saruji ilikuwa imebaki palepale ukutani. Ilikuwa kazi ya siku moja! Mama akaniangalia mimi, mwenye begi na kalamu, akauliza, "Mkaguzi, kwa hiyo iko sawa?"

"Imepita, mama," nikasema, nikasaini. Fundi akaondoka anapiga mluzi.

Miaka ikaenda, nikastaafu. Masika iliyopita nilipita Tumati kwenda msibani, mvua ikanikamata, nikakimbilia nyumba ya karibu. Nani yuko kibarazani? Mama Theresia, mzee sasa, ameinama na lile goti lake, anasukuma maji kwa fagio yasiingie ndani. Magunia ameyapanga kizingitini. Chini ya ukuta wa sebule plasta yote imeoza.

Nikamwamkia, akanitambua, akafurahi hata kunivutia kiti. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakutafuta fundi akivunje kibaraza kile akimwage upya.

Akanishangaa. "Mkaguzi, si ulisema imepita? Nilijua nyumba ni nzuri, ila mvua za siku hizi ndiyo zimezidi. Au labda mimi nafagia vibaya."

Mwanangu, nilikosa pa kuangalia. Nikamwomba lile fagio nifagie mimi. Akakataa, akasema mgeni hafanyi kazi.

Sasa unanisikia? Vigezo vinakwambia ukuta hautaanguka. Havikwambii mtu ataishije humo. Kile kilichotiwa tiki, kiache na tiki yake, lakini kile macho yako yamekikataa, kiseme kwa mdomo, mbele ya fundi na mbele ya mwenye nyumba, hata kama fomu haina mstari wake. Andika pembeni. Mwenye nyumba hana fomu yako, ana neno lako tu, na ukimwambia ni nzuri ataamini, halafu atajilaumu mwenyewe mpaka azeeke. Na akitokea mzee asiyesoma akakuonyesha kitu, fungua begi upime kabla hujafungua mdomo.

Unasema fomu ya Endagikot hujaituma bado? Basi usiitume. Rudi kesho mapema, kabla fundi hajahama.

Mungu akupe mkono mwepesi kwenye pima maji, na mzito kwenye saini. Akujalie kupita mbele ya kila nyumba uliyoikagua bila kuinamisha kichwa. Na mvua ikinyesha Endagikot, yule nesi akiwa amechoka na zamu yake, alale. Asiamke kufagia.