Jiwe Nililomupiga Byamungu

Kosa ni langu, musinitafutie sababu. Mufupa wa taya ya Byamungu, mwenzangu wa filme, ni minye niliuvunja. Batu banadhani ni kundi la batu. Hapana! Ni huu mukono wangu.

Hapa Uvira batu bananijua kwa filme. Jambazi, ni minye. Mwanajeshi mubaya, ni minye. Nikajiona mukubwa, nikataka televizyo ya Bujumbura inione.

Ile asubui tulikuwa na shambulio la kuigiza kule Kasenga. Mukubwa wetu wa filme akanituma: "Enda kwa shefu wa mutaa, umwambie ajulishe batu." Nikasema ndiyo. Sikuenda! Nilitaka woga wa kweli mbele ya kamera. Upumbavu gani huu, mu muji ambamo kila muntu amekwisha kukimbia vita na godoro kichwani!

Tukavaa makoti ya kijeshi, tukashusha kofia mupaka machoni, tukashika bunduki za mbao. Kamera iko mbali, kwenye dirisha la duka. Byamungu akapiga teke mulango wa nyumba moja, minye nikapaza sauti: "Chini! Lala chini!" Batu bakatawanyika. Mama mumoja akaangusha beseni yake ya samaki ndagala, akakimbia na mutoto mugongoni.

Halafu kijana mumoja akaona vizuri. "Hizi ni mbao! Ni wezi hawa!"

Ee Mungu wangu, mawe yale! Byamungu akaanguka, bakamufikia. Minye nikaruka nyuma ya choo, nikavua koti na kofia, nikatokea upande mwingine. Muzee mumoja akanishika shati.

"Na weye? Si ulikuwa naye?"

Macho yote kwangu.

Nikaigiza. Jameni, sijawahi kuigiza vile! "Mwizi! Huyu ndiye alituibia!" Nikaokota jiwe, nikapasua njia kati ya batu, nikamupiga nalo usoni. Mufupa wa taya ulilia kaa! Byamungu akaniangalia, damu mudomoni, akaanza kuita jina langu. Nikamupiga tena ili asilimalize.

Mumoja alikuwa amekwisha kufika na kidumu cha petroli wakati mukubwa wa filme alikuja akapiga magoti, kamera mukononi: "Ni filme! Ni filme tu!" Ndipo bakaacha. Minye huyo huyo nikamupakia Byamungu kwenye pikipiki, nikamukumbatia mupaka hospitali, damu yake yote juu yangu. Batu ba hospitali bakasema niko rafiki wa kweli.

Sasa anasema tena, polepole, maneno yanamutoka yamepinda. Mambo ya filme yamekwisha kwake. Yangu pia: nikisimama mbele ya kamera, ninaikimbia. Televizyo ya Bujumbura iliniita. Nilishindwa.

Na Byamungu hajamwambia muntu ni nani alimupiga. Mama yake akinishukuru mbele yake, ananibariki na mukono juu ya kichwa changu, Byamungu anageukia ukuta. Afazali angenitukana! Afazali angenipiga!

Nyinyi vijana wa filme, muende kwa shefu wa mutaa mbele ya kushika hata bunduki ya mbao. Lakini hii nyingine ndiyo inaniua: ukiona mwenzako anapigwa, ita jina lake kwa nguvu, hata kama batakuvunja pamoja naye. Kasenga nzima banamujua mama yake. Kama ningelisema tu, "Ni Byamungu!", bangeliacha.