Baharia Aliyeungua Ukutani

Enzi zetu katika mashamba ya chai ya Kericho, mtu aliungua ukutani Jumapili mchana, ukumbi mzima ukitazama, na ni sisi tuliopiga kelele asimamishwe pale.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Gari la sinema lilifika kwenye kambi yetu ya wafanyakazi mara chache kwa mwaka. Tulitundika mablanketi madirishani ili kuwe na giza, kisha watoto tukakaa mbele kwenye saruji baridi, mahindi ya kuchoma mkononi. Picha ilikuwa ileile kila safari: mabaharia Waingereza wakati wa vita, meli ya kijivu, mawimbi, king'ora. Kiingereza chao kilitupita, kwa hiyo Arap Koros, karani wa kupima majani, alisimama kando ya ukuta akitutafsiria. Aliongeza chumvi. Nahodha akifoka, Koros alisema, "Anauliza ni nani ameacha ng'ombe waingie kwa majani." Mabaharia waliposhika vikombe, ukumbi ulipiga makofi. Hatukuwa na shaka kwamba chai ile ilitoka kwetu.

Siku hiyo bibi mmoja mzee, Dani Akech (dani ni nyanya kwa Kijaluo), alikuwa amekuja kutoka upande wa ziwa kumtembelea mwanawe, fundi wa kiwandani. Kaka yake Dani, Ochieng', alichukuliwa ujanani kwenda kufanya kazi melini wakati wa vita hivyohivyo, na nyumbani hawakupata habari yake tena. Hawakumlilia, kwa sababu hakuna aliyewaambia amekufa.

Nyuma ya mabaharia alipita mtu mweusi amebeba ndoo. Sisi hatukuwahi kumjali. Dani akasimama.

"Huyo ni Ochieng'. Rudisha."

"Mama, keti," Koros akasema. "Hata nahodha hajamaliza kugomba."

Watu wakacheka.

"Nimemngoja tangu nikiwa msichana, na wewe unaniambia nikae?"

Kicheko kikaisha. Mwenye sinema akairudisha filamu nyuma, nasi tukapiga kelele, "Simamisha hapo!" Alisita, maana filamu ikisimama mbele ya taa ile kali huungua. "Kidogo tu, mama. Angalia haraka."

Dani alisogea hadi ukutani. Mtu wa ndoo alisimama, uso upande. Dani akainua mkono kuelekea sikio la mtu yule. Doa la kahawia likatokea begani, likatokota, likamla yule mtu mzimamzima, ukuta ukabaki mweupe. Mwenye sinema alikata kipande kile kwa makasi, akaunga, meli ikaendelea na safari.

"Ni yeye?" mwanawe akauliza.

"Alikuwa anageuka," Dani akasema. "Angegeuka kidogo tu."

Leo kijana wangu husimamisha filamu kwa kidole gumba, huenda kuchemsha chai, hurudi na kumkuta mtu wa filamu bado anamngoja. Hajui kutazama kitu kwa macho yote, kama tulivyotazama sisi tuliojua kitapita. Lakini ni yeye aliyeitafuta picha ile kwenye simu mpaka akaipata, nzima. Mtu wa ndoo anapita, anageuka, uso wake unaonekana wazi.

Nilimtumia fundi picha hiyo. Dani alikuwa ameshazikwa. Fundi alijibu kwamba yeye hakuwahi kumwona mjomba wake, na waliomjua wamekwisha wote. Huko kwao bado hawajaamua kama watamlilia.