Msamaha Ambao Haukuwa Kwenye Filamu

Kila ninapopanga filamu nilizozipenda zaidi katika miaka hii kumi, ile ya kwanza hunikosesha utulivu. Niliitazama katika ukumbi wa video huko Mamboleo, ambako mfasiri aliketi kando ya skrini na kipaza sauti, akiwasemea wahusika kwa Kiswahili. Mwishoni, baba mmoja alimwambia muuaji wa mwanawe, "Nenda, nimekusamehe." Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka chuoni kusomea upatanishi.

Mwaka huu niliipata filamu yenyewe, ikiwa na tafsiri ya maandishi. Baba yule anasema, "Nenda, nitakutafuta."

Nilimwendea mfasiri, ambaye sasa anauza spika pale pale Mamboleo.

"Mzee, ulitudanganya."

"Wewe ulilia, ama hukulia?"

"Nililia."

"Basi unanidai machozi? Ukumbi ulijaa vijana wenye hasira. Ningewaambia waende wakatafutane?"

Nimeiondoa filamu hiyo katika nafasi ya kwanza, nikairudisha, nikaiondoa tena. Jana niliwaketisha ndugu wawili wa Ahero wanaogombania shamba, na nilipofika kwenye neno msamaha, sauti yangu ilisita.