Mtu wa Kuarifiwa

Pale klabu ya ndege ndogo kila mtu alimwita Shemeji. Usiniulize kwa nini. Dada hakuwahi kuwa naye, mke hakuoa, kwa hiyo hapakuwa na njia yoyote ya mtu kuwa shemeji yake. Rubani mmoja wa zamani alimwita hivyo kwa utani, wengine wakadaka, na miaka kumi na tisa ikapita.

Kazi yake ilikuwa meza moja, ubao mmoja na simu ya mezani. Rubani akitaka kuruka, anampa safari yake: anakwenda wapi, ana mafuta kiasi gani, atatua saa ngapi. Akishatua, lazima apige simu. Nusu saa ikipita kimya, Shemeji anaanza kumtafuta. Basi mwisho wa juma ile simu haipoi. "Shemeji, nimetua!" Na wakishatua, si unawajua watu, domo linafunguka. Alijua binti wa daktari wa meno anafeli hesabu. Alijua ni goti gani linalomsumbua mwenyekiti. Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambazo haruki mtu, alimaliza siku nzima bila kutoa neno, hadi akikohoa anashtuka.

Ndipo mwenyekiti wa klabu alipokuja na kompyuta mpya kwapani.

"Shemeji, tunataka programu ya kupanga safari. Ziko mbili. Safari zetu unazijua kuliko sisi wenyewe. Zijaribu, Ijumaa uniambie tuchukue ipi. Utakalosema ndilo hilo hilo."

Akazijaribu. Ya kwanza ilikuwa moto wa kuotea mbali. Inaleta upepo wa dakika hiyo hiyo, inapiga hesabu ya mafuta, ukizidisha mizigo inakukatalia. Na ndege ikitua, yenyewe inajua, inaandika kuwa safari imekwisha. Hakuna cha kupiga simu. Ya pili, kimeo kitupu. Alasiri bado inakupa upepo wa asubuhi, na rubani anayetegemea upepo wa asubuhi anaweza kuishiwa mafuta juu ya milima. Ila hiyo ya pili haikuwa na habari nani ametua na nani bado. Kwa hiyo simu zingebaki.

Sasa wewe, mwenzangu, ungefanyaje? Shemeji aliipenda ya pili. Aibu ilimshika, lakini aliipenda. Akaanza hata kuitetea kimoyomoyo: hawa ni watu wazima bwana, upepo wanaweza kuuliza kwa redio. Bila zile simu, yeye angebaki na nani? Hilo lilimkosesha raha siku tatu.

Alhamisi kilibaki kitu kimoja cha kujaribu kwenye ile ya kwanza: rubani asipofika, inafanya nini? Akajiandikisha yeye mwenyewe kama rubani. Ikataka jina kamili, la kwenye kitambulisho. Akaliandika. Ikataka mtu wa kuarifiwa asipofika. Akaweka namba ya ofisi, ikakataa; inataka simu ya mkononi ya mtu. Akapekua simu yake. Mama yake alishazikwa zamani na namba ilikuwa bado imo. Mwenye nyumba? Wapi! Akaweka daktari wa meno, maana ndiye aliyeongea naye sana kuliko wote. Akapanga safari ya uongo ya kutua saa nane, akakaa kungoja achelewe.

Saa nane na nusu ujumbe ukaenda. Hata dakika mbili hazikupita, simu ya mezani ikalia. Nisikufiche, alifurahi. Ananitafuta, alijiambia.

"Shemeji, hebu nisaidie," daktari alisema. "Nimeletewa ujumbe wa ajabu hapa. Eti kuna mtu alitakiwa atue saa nane, hajafika, na wa kuarifiwa ni mimi." Akalisoma lile jina polepole, kama anasoma lebo ya dawa. "Mnaye mtu kama huyo hapo klabu?"

"Ni majaribio ya programu, daktari. Jina tu."

"Aa, afadhali! Maana nimeumiza kichwa, simjui kabisa, na ndivyo nilivyojibu. Haya, nina mgonjwa kinywa wazi hapa. Tutaongea Jumamosi."

Kwenye kompyuta, mbele ya jina lake, jibu lilishaingia: Simfahamu.

Mtu mwingine angekasirika, akawachagulia ile mbovu wakome. Shemeji hakukasirika. Aliumia, tena aliumia vibaya, akakaa pale na kiganja juu ya simu bila kujua cha kufanya. Kisha akatazama ubaoni. Jumamosi daktari alikuwa anavuka milima.

Ijumaa mwenyekiti alipofika, alimwambia achukue ya kwanza. "Hiyo nyingine itawaua," alisema.

Mwenyekiti akampiga begani. "Umetusaidia sana, Shemeji. Sasa na wewe utapumzika na makelele yetu."

Jumamosi ziliruka ndege sita. Zote zilitua salama, moja moja zikageuka kijani kwenye kompyuta, ya daktari ikiwa ya mwisho, saa tisa kasorobo. Shemeji alikaa karibu na simu hadi saa kumi na mbili, maana daktari alisema wataongea Jumamosi.