Bi Mwanahawa na Saa ya Kompyuta

Ukitaka kumsikia Bi Mwanahawa akitoa maoni yake kuhusu kompyuta, umkute wakati wa chai, andazi mkononi. Mwaka ule wa themanini na tano ofisi yao ndogo ya pembejeo pale Tabora ilikuwa imeletewa na wafadhili kompyuta moja, printa moja na disketi kumi. Ndani ya wiki sita mama huyu wa mtaa wa Ng'ambo, aliyepiga taipureta tangu mwaka uliofuata uhuru, alikuwa amekwisha kuzipima programu zake zote kama mtu anavyowapima wakwe wapya.

Programu ya kuandikia aliipenda. "Ukikosea herufi unairekebisha hiyo hiyo. Taipureta ukikosea, karatasi imekwenda na kaboni zake tatu."

Printa hakuiamini. Siku ya kwanza ilitema ukurasa mzima wa vinyota na mikia, mpaka mtaalamu kutoka Dar es Salaam alipoiwekea kompyuta programu ndogo ya kuelewana nayo. "Kumbe kila mashine ina lugha ya kwao," alisema Bi Mwanahawa. "Zikikutana, lazima awepo mkalimani. Sasa mkalimani gani huyu, anafika wageni wameshatukanana?"

Na ile programu kubwa inayoamka kwanza na kuziongoza nyingine zote, hiyo aliiita mnyapara. Babu yake alikuwa mpagazi, ameitembea njia ya misafara mpaka pwani, naye ndiye aliyemwambia kwamba msafara usio na mnyapara kila mtu hutua mzigo anapotaka. Ila mnyapara huyu alimchosha kwa jambo moja. Kila akiwashwa haulizi hali, anauliza tarehe na saa.

"Umetoka Ulaya yote ile," alikuwa akimwambia, "huna hata saa ya mkononi?"

Hata hivyo alimjibu kila mara, kwa uaminifu, maana Bi Mwanahawa hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake jibu.

Kazi yake kubwa ilikuwa orodha za majina, na kwa majina alikuwa mkali. Miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa aliwahi kuchapa orodha ya viwanja akaruka mstari mmoja. Mwenye mstari ule alikaa na wanawe wanne chini ya turubai mpaka mvua zikaisha. Hakuna aliyemlaumu Bi Mwanahawa kwa sauti, lakini tangu hapo alisoma kila orodha mara mbili, kidole chini ya kila jina.

Basi Oktoba ile ikaja orodha ya Goweko, ya wakulima wa tumbaku waliokuwa wakisubiri mbolea. Jumatano asubuhi mwenzake wa ofisini, Bundala, mtu wa Ziba kwenye wafugaji, aliingiza majina yote kwenye disketi. Adhuhuri umeme ukakatika. Wakati huo huo akafika Mzee Limbu kutoka Goweko, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na karatasi ya majina sitini na matatu yaliyosahauliwa, lake likiwemo. "Mwanangu," alimwambia Bi Mwanahawa, "miche haijui kwamba mmetusahau. Inakua."

Umeme uliporudi Bundala alikuwa ameshatumwa bohari. Bi Mwanahawa akaiwasha kompyuta, akamjibu mnyapara wake, akayaingiza yale sitini na matatu, na orodha kamili akaihifadhi kwenye disketi nyingine, kama mtaalamu alivyofundisha. Sheria yake ilibandikwa ukutani: kazi ikiwa kwenye disketi mbili, kesho yake tazama saa ambayo kompyuta imeiandikia kila moja. Ya mwisho ibaki, ya kwanza ifutwe, maana disketi ni chache.

Alhamisi Bi Mwanahawa alichelewa kidogo. Alipofika, lori la Goweko lilikuwa limeshapakiwa mbolea, linanguruma uani, na Ndugu Ghalibu, mkuu wa ofisi, amesimama mlangoni akiisubiri orodha.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," akasema Bundala bila kugeuka. "Leo Ng'ambo mmelala? Orodha hiyo, nimeshaichapa. Namalizia kufuta disketi ya zamani."

"Marahaba." Akaichukua karatasi na kupitisha kidole. Kidole kikafika kwenye akina Limbu, kikakuta Limbu mmoja tu, naye si yule wa jana. Akageuza ukurasa. Yale sitini na matatu, hakuna hata moja.

"Bundala! Toa mkono hapo!"

Bundala akaunyanyua mkono juu kama mwizi aliyefumwa. Kwenye kioo kompyuta ilikuwa ikiuliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu. Ilikuwa imebaki herufi moja ya kusema ndiyo.

"Unafuta ipi?"

"Ya zamani, mama! Tazama mwenyewe. Hii niliyochapa ni ya saa 10:30. Hii ninayofuta ni ya 10:00. Ipi ya mwisho?"

"Ya 10:00 ni yangu! Nilimaliza saa kumi, watu wanajiandaa kwenda nyumbani!"

"Yangu nilimaliza saa nne na nusu asubuhi."

Wakatazamana. Bundala alipita JKT, na huko saa walizifundishwa kijeshi. Saa mbili asubuhi yeye huandika nane, saa nne na nusu kwake ni 10:30. Bi Mwanahawa naye humjibu mnyapara kama anavyomjibu jirani. Umeme uliporudi saa nane mchana, aliandika 8:00. Kabla ya Jumatano ile hawakuwahi kuiwasha wote wawili siku moja, ndiyo maana saa zao hazikugongana mapema.

"Yaani," akasema Bundala polepole, "kwa saa yako jioni imetangulia asubuhi."

"Na wewe mtu wa Ziba, ng'ombe mnawarudisha zizini saa kumi na nane?"

Ndugu Ghalibu hakucheka. "Majina yapo au hayapo?"

Bi Mwanahawa akabonyeza herufi ya hapana, moja tu. Akaifungua disketi. Yalikuwapo, yote. Printa ikaanza kukwaruza, naye akasimama juu yake akisoma kila mstari unavyotoka, Bundala akiweka alama kwenye karatasi ya Mzee Limbu. Sitini. Sitini na moja. Kule uani dereva akapiga honi.

"Apige tu," akasema Bi Mwanahawa. "Sitini na mbili. Sitini na tatu."

Ndugu Ghalibu akatia sahihi, akaagiza magunia mengine yatolewe bohari yapakiwe juu ya yale ya kwanza, kisha akaiendea ile sheria ya ukutani na kuandika kwa kalamu nyekundu: Saa ni ya Kizungu, kwa wote. Bi Mwanahawa hakubisha. Aliwasindikiza wapakiaji kwa macho mpaka lori likakunja kona kuelekea Goweko na orodha yake ndani.

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa kwenye ngazi. Ndipo alipohisi njaa, akakumbuka kwamba tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni.